Zabibu za kilimo hai: maswali ya hela yanayoulizwa kila siku

Watu wakisikia nimeacha dawa za viwandani kwenye mizabibu, maswali yanayokuja ni yaleyale na karibu yote yanahusu hela. Nimeyaweka hapa pamoja. Sehemu nyingine nimeandika kirefu kwa sababu ndo pale watu wanapoumia, nyingine nimepita haraka.

Kwa ufupi tu, inalipa au hailipi?

Inalipa kwa yule anayevuka miaka mitatu ya mwanzo akiwa bado ana hela mfukoni na zabibu za kutosha shambani. Kwa anayeingia kwa sababu amesikia bei ya kilimo hai iko juu halafu hajapiga hesabu ya vibarua, huyo mara nyingi anarudi kwenye dawa mwaka wa pili, na anakuwa ameshalipa gharama zote bila kuonja faida hata moja. Watu si wachache wanaofanya hii kazi, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilihesabu kwamba mwaka 2019 kulikuwa na hekta kama 454,000 za zabibu za kilimo hai zilizothibitishwa duniani, sawa na asilimia 6.2 ya mashamba yote ya zabibu, na Hispania, Ufaransa na Italia peke yao zilikuwa na karibu robo tatu ya hizo. Kwa hiyo inawezekana, ila ina masharti yake.

Kwanini kila mtu anataja miaka mitatu?

Ni kipindi cha mpito. Umoja wa Ulaya unadai miaka mitatu ya kufuata kanuni kabla ya mavuno ya kwanza kuitwa ya kilimo hai kwa mazao ya kudumu kama zabibu, na Marekani wanadai miezi 36 tangu mara ya mwisho kitu kilichokatazwa kuwekwa kwenye hiyo ardhi. Sasa angalia hapo kinachotokea kwenye hela: kuanzia siku ya kwanza unalima kwa gharama ya kilimo hai, lakini mzigo wako unauzwa kwa bei ya kawaida kwa sababu cheti bado. Hapo ndo watu wengi wanaanguka, na shida inakuwa hela ya kuishi imeisha kabla cheti hakijatoka, magonjwa wala hayahusiki.

Ulaya zabibu zinaweza kuuzwa kama mazao yaliyo kwenye mpito baada ya miezi 12 ya kwanza, na kuna wanunuzi wanaoongeza kidogo kwa ajili hiyo kwa sababu wanataka kukushika mapema kabla mwenzao hajakuwahi. Uliza mapema, usisubiri wakwambie. Na ulizia ruzuku, maana nchi nyingi za Ulaya zinalipa kwa hekta wakati wa mpito kwa kujua kabisa kwamba huo ndo mwanya unaoua wakulima.

Gharama inapanda wapi hasa?

Kwenye mikono na mafuta ya trekta. Nitalieleza vizuri maana ndo moyo wa jambo lenyewe.

Magugu kwanza. Anayetumia dawa ya kuua magugu anapita chini ya mstari wa mizabibu mara moja au mbili kwa msimu, kazi imeisha. Wewe utapita mara nne, tano, msimu wa mvua hata zaidi, kwa jembe la mkono au kwa kifaa cha kufunga kwenye trekta kinacholima kati ya shina na shina. Nafasi katikati ya mistari si tatizo, unafyeka tu au unaacha mimea funika. Tatizo ni ule ukanda mwembamba chini ya shina lenyewe, pale jembe likienda kasi kidogo linachuna gome, na shina lililochunwa likiwa dogo ndo limeenda hivyo, unasubiri miaka mingine mitatu lililopandwa badala yake lianze kuzaa. Mimi kibarua wa kupalilia chini ya shina simlipi kwa idadi ya mistari, namlipa kwa siku. Nikimlipa kwa mstari ataharakisha, na gharama ya shina moja lililokufa ni kubwa kuliko alichookoa.

Halafu kunyunyizia. Dawa nyingi za kisasa zinaingia ndani ya mmea na kukaa huko, mvua ikinyesha hujali sana. Mrututu (ile dawa ya shaba) na salfa vinakaa juu ya jani tu, kama vumbi, kwa hiyo mvua kubwa ikipita vinaoshwa na inabidi urudi tena, na majani mapya yaliyochipua juzi hayana ulinzi wowote. Mwaka mkavu unaweza kupiga mara tano au sita ukalala usingizi. Mwaka wa mvua nyingi utafika mara kumi na zaidi, kila mara ni mafuta, ni dereva, ni mashine, na si suala la hela tu, ni suala la saa. Mwaka wangu wa kwanza nilichelewa siku tatu baada ya mvua kwa sababu mashine ya kunyunyizia ilikuwa imeazimwa, nikasema siku tatu si kitu. Siku ya tisa nikageuza jani nikakuta ule unga mweupe kama manyoya upande wa chini, juu kuna doa la njano kama tone la mafuta, na kufikia wiki iliyofuata vishada vidogo vilishaanza kukauka kwenye kile kipande chote cha bondeni. Tangu hapo mashine haiazimwi, hata kwa ndugu.

Kupogolea, kufunga kwenye waya na kuvuna havibadiliki sana. Ila kazi ya kupunguza majani kuzunguka vishada ili upepo upite, hiyo kwenye kilimo cha kawaida wengi wanairuka, kwenye kilimo hai ukiiruka umejitafutia ukungu mwenyewe.

Lakini si nitaokoa hela ya mbolea na dawa za dukani?

Utaokoa, ila kidogo kuliko unavyodhani. Mzabibu haupendi kulishwa sana, ukiujaza naitrojeni unakupa majani na kivuli badala ya zabibu, kwa hiyo bili ya mbolea hata huko kwenye kilimo cha kawaida haikuwa kubwa. Salfa na mrututu kwa kilo ni bei nafuu, lakini unavitumia mara nyingi. Mboji na samadi zinaonekana za bure mpaka uhesabu kubeba, kugeuza na kusambaza. Kinachosaidia kweli ni mimea jamii ya mikunde katikati ya mistari, inaweka naitrojeni yenyewe na inashika udongo usiondoke na maji. Kwa ujumla akiba ya pembejeo haitoshi kufidia vibarua. Anayekwambia kilimo hai ni rahisi kwa sababu hununui dawa, muulize magugu yake anayatoaje.

Mrututu na salfa si kemikali hizo? Inakuwaje zinaruhusiwa?

Zinaruhusiwa kwa sababu asili yake ni madini, lakini zina mipaka na mipaka hiyo inagusa mfuko wako moja kwa moja. Ulaya kikomo ni kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Shaba haiozi, inabaki kwenye udongo na kujikusanya, minyoo ya ardhini haiipendi. Mwaka wa mvua mfululizo unaweza kujikuta umekula sehemu kubwa ya mgao wako na ukungu bado upo mlangoni.

Historia yake yenyewe ni ya kuzuia hasara. Ubwiri vinyoya, ule ukungu wa unga mweupe chini ya jani niliousema juu, ulitoka Amerika ukaonekana Ufaransa mwaka 1878. Wakulima wa Médoc, karibu na Bordeaux, walikuwa wanamwagia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia waone majani ya bluu na waogope kuiba zabibu, mtaalamu wa mimea Millardet akagundua kwamba mizabibu hiyohiyo ndiyo haikupukutisha majani, na mwaka 1885 akatangaza matokeo yake. Mpaka leo bado tunaegemea hapohapo, ndo maana hakuna ujanja wa kupiga dawa baada ya ugonjwa kuingia. Vitu tulivyo navyo vinazuia, haviponyi.

Mavuno yatashuka kiasi gani?

Kwenye ulinganisho mwingi wa mashamba, kushuka kunazunguka kama moja ya tano. Ila huo ni wastani na wastani unaficha mengi. Sehemu kavu yenye upepo na jua, unaweza usione tofauti kubwa. Sehemu ya mvua na umande mwaka mbaya unaweza kupoteza nusu. Mwaka 2023 ubwiri vinyoya ulipiga Italia ya kati na kusini vibaya sana, na waliolima kwa kilimo hai ndo walioumia zaidi kwa sababu mvua ilikuwa inaosha kinga yao na udongo uliolowa haukuruhusu trekta kuingia. Ndo maana nasema ukiweka bajeti, weka mwaka mmoja mbaya kila baada ya miaka michache, usifanye kama hautakuja.

Nipigie hesabu basi, nione.

Sawa. Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Tuseme shamba lako la kawaida linaingiza 100 na linatumia 70, unabaki na 30 kwa mwaka.

Unahamia kilimo hai. Mavuno yanashuka asilimia 20, gharama zinapanda asilimia 15 kufika 80.5. Kwenye mpito bei ni ileile ya zamani, kwa hiyo unaingiza 80 na unatoa 80.5. Umebaki na hasara ya 0.5. Ukilinganisha na ile 30 uliyokuwa unapata, kila mwaka wa mpito unakugharimu 30.5, na mitatu ni 91.5. Hiyo 91.5 ndo mtaji halisi wa kuingia kwenye hii kazi, na hakuna risiti yake popote ndo maana watu hawaioni.

Cheti kimetoka. Mnunuzi anaongeza asilimia 25. Unaingiza 100, unabaki na 19.5. Bado uko chini ya ulipokuwa! Ili urudi kwenye 30 yako unahitaji nyongeza ya kama asilimia 38. Akikupa asilimia 50 unabaki na 39.5, yaani umepata 9.5 zaidi ya zamani, na ile 91.5 itakuchukua karibu miaka 10 kurudi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mavuno yashuke asilimia 10 badala ya 20, bei ileile ya nyongeza ya 50. Unaingiza 135, unabaki na 54.5, na mtaji wako unarudi chini ya miaka 4. Na hata kwenye mpito wenyewe ungekuwa unabaki na 9.5 badala ya hasara, kwa hiyo kwa kweli ungerudi mapema zaidi ya hapo. Umeona? Kila mtu anauliza bei, lakini asilimia kumi za mavuno ndo zilizobeba hesabu yote. Anayejua kusoma jani na kuwahi mvua anapata faida kuliko aliyepata mnunuzi mzuri akalala.

Cheti kinagharimu sana?

Ada ya kila mwaka ya ukaguzi ni ileile karibu kwa shamba dogo na la kati, kwa hiyo mkulima mdogo anaumia zaidi kwa kila kilo anayouza. Dawa yake ni kujiunga kikundi. Kanuni ya Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, inaruhusu wakulima wadogo kuthibitishwa kama kundi moja lenye wanachama wasiozidi 2,000, na shamba la hadi hekta 5 ni mojawapo ya vigezo vya kuingia. Mnagawana gharama, lakini na makosa pia mnagawana, mmoja akipiga dawa iliyokatazwa usiku anaweza kuwaangusha wote. Chagua wenzako vizuri kuliko unavyochagua mkaguzi.

Gharama nyingine ambayo haiandikwi ni muda wa kuandika. Mkaguzi anataka kujua ulipiga nini, lini, kiasi gani, kipande gani, risiti iko wapi. Mi natumia daftari la jalada gumu linaloning'inia kwenye mlango wa stoo ya mashine, na kalamu imefungwa kwa kamba, kwa sababu ukisema utaandika jioni ukifika nyumbani huandiki. Nilipofanyiwa ukaguzi wa kwanza kila kitu kilikuwa sahihi shambani ila kurasa mbili za mwezi wa tano zilikuwa tupu, ikabidi mkaguzi arudi na safari ya pili nikailipa mimi.

Bei ya juu ni ya uhakika?

Hapana, na hili watu hawapendi kulisikia. Zabibu za mezani na zabibu kavu ni rahisi zaidi, mteja anakula tunda lenyewe na anajali dawa, na kilimo hai cha Uturuki kwa kiasi kikubwa kilianza hivyo, miaka ya 1980, kwa zabibu kavu na tini za kupeleka Ulaya. Kwenye mvinyo mambo yanachanganya. Kuna uchunguzi wa mvinyo wa California ulioonyesha kwamba chupa za mashamba yenye cheti zilipata bei ya juu kwa asilimia 13, lakini pale alama ya kilimo hai ilipobandikwa kwenye chupa bei ikashuka kwa asilimia 20! Yaani kulima vizuri kulilipa kwa sababu ubora ulipanda, ila baadhi ya wanunuzi walikuwa wanaona ile alama wanadhani mvinyo ni dhaifu. Soko linabadilika na kila nchi ina tabia yake, ninachosema ni usihesabu nyongeza ya bei mpaka kuna mtu amesaini karatasi. Tafuta mnunuzi mwaka wa kwanza wa mpito, si mwaka wa tatu.

Nikitengeneza mvinyo mwenyewe je?

Hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu kwenye bei ya chupa zabibu zenyewe ni sehemu ndogo tu. Nyongeza ndogo kwenye chupa inaweza kufuta gharama zote za ziada za shambani. Lakini unaingia kazi nyingine, matanki, chupa, kodi, kuuza, na hela inakaa imelala muda mrefu kabla chupa ya kwanza haijatoka.

Jua pia kwamba kiwanda chenyewe lazima kifuate kanuni. Ulaya kuanzia msimu wa 2012 kuna mvinyo wa kilimo hai rasmi, kabla ya hapo zilikuwa zabibu tu ndo zinathibitishwa. Salfaiti, kile kihifadhi cha mvinyo, kwa mwekundu mkavu mwisho miligramu 100 kwa lita, mweupe 150, wakati mvinyo usio wa kilimo hai ni 150 na 200. Marekani ni wakali zaidi, mvinyo ukiitwa wa kilimo hai hauongezewi salfaiti kabisa. Kama unalenga masoko yote mawili amua kabla ya kuvuna, si baada.

Bora kubadilisha shamba la zamani au kupanda jipya?

Kama unapanda jipya una bahati mbili. Ya kwanza, mzabibu mchanga unachukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa kitu cha maana, kwa hiyo mpito na kusubiri vinakwenda pamoja, huli hasara mara mbili. Ya pili, unaweza kuchagua aina zenye ukinzani dhidi ya ubwiri, kama Regent, Solaris au Souvignier gris, ambazo zinapunguza sana idadi ya kunyunyizia. Shida yao ni jina, mnunuzi anajua Cabernet na Chardonnay, hizi inabidi umweleze. Kama unauza kwa wateja wako mwenyewe, panda bila kusita. Kama unauzia kiwanda, waulize kwanza.

Shamba la zamani lenye mistari mizuri, mizizi iliyozama na udongo unaojulikana nalo lina thamani, usiling'oe kwa ajili ya mtindo.

Nibadilishe lote mara moja au kipande kipande?

Kipande kipande kwa moyo, lakini angalia kanuni, kwa sababu aina ileile ya zabibu kulimwa kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja kunaleta maswali. Ulaya wanaruhusu kwa mazao ya kudumu ukiwa na mpango wa kumaliza ndani ya miaka 5. Mi ningeanza na kipande cha mwinuko chenye upepo, cha bondeni kinakuja mwisho nikiwa nimeshajifunza.

Jirani yangu anapiga dawa, itaniathiri?

Ndiyo, upepo ukileta dawa yake unaweza kukataliwa mavuno ya mistari ya mpakani. Acha ukanda, panda ua wa miti, na ongea naye kwa heshima kabla ya msimu, mwambie siku unazovuna. Ile mistari ya mwisho wengi wanaivuna peke yake na kuiuza kama ya kawaida, kwa hiyo itoe kwenye hesabu ya faida tangu mwanzo.

Bayodainamiki inaongeza faida?

Ni hatua nyingine juu ya kilimo hai, inatokana na mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924, na cheti chake kinachojulikana ni Demeter. Kwa mvinyo wa bei ya juu jina linasaidia. Kwa zabibu za kilo, bado.

Kuna faida ambayo haionekani kwenye risiti?

Ipo, na inakuja polepole. Chukua sepeto, chimba katikati ya mstari ulioachwa na mimea funika miaka minne mitano, halafu nenda kachimbe kwa aliyepiga dawa ya magugu muda wote huo. Kwangu mwanzo udongo ulikuwa unatoka kama kipande cha tofali, maji ya mvua yanatiririka juu mpaka barabarani. Sasa unavunjika kwenye kiganja, una matundu ya minyoo, na mvua ikinyesha inazama. Kwa lugha ya hela hiyo ni maji machache ya kumwagilia na mbolea isiyokimbia na mvua. Na vibarua wangu hawaingii tena kwenye mistari iliyopigwa sumu asubuhi, mimi mwenyewe sipeleki nyumbani nguo zenye ile harufu. Hilo siwezi kuliwekea namba ila silirudishi nyuma kwa namba yoyote.

Nataka kuanza. Wiki hii nifanye nini?

Andika lini mara ya mwisho uliweka kitu chochote kilichokatazwa kwenye shamba, na kipande gani, kwa sababu Marekani saa ya mpito inahesabiwa kutoka hapo (Ulaya kwa kawaida inaanza unapojiandikisha kwenye ukaguzi), na wengine wana miezi kadhaa mkononi bila kujua kama tu wana risiti na daftari la kuthibitisha. Pigia simu watoa vyeti wawili au watatu ulinganishe ada na umbali wa mkaguzi maana safari yake unailipa wewe. Kisha kaa na mtu anayelima kilimo hai karibu na hali yako ya hewa, muulize mwaka wake mbaya zaidi alipiga dawa mara ngapi na alibaki na tani ngapi, usimuulize mwaka wake mzuri. Chukua hiyo namba ya mwaka mbaya, iweke kwenye hesabu ile ya juu mahali pa asilimia 20, na uone kama bado unaweza kulipa vibarua mpaka mwaka wa tatu.